Manifoldi ya Maskati na Talaka Tatu

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelinunua likaishia kufungia nguru: mimi ni Simai, natengeneza simu Darajani, na nina gari ya spoti ya Kijapani, milango miwili, niliyoinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anahama kisiwa kwa haraka. Mimi na mke wangu Khairat tunakaa Mkunazini, kwenye uchochoro ambao vespa ikipita watu hubana matumbo. Gari haifiki kwangu. Naiacha huko barabarani, naingia nyumbani na ufunguo tu, nikiuzungusha kidoleni ili majirani wajue.

Mliniacha njia ya Paje, manifoldi imepasuka, gari inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na mimi nashuka kuisukuma.

Manifoldi ni yale mabomba yanayoutoa moshi kwenye injini na kuupeleka kwenye tabo. Moshi unaizungusha tabo, tabo inasukuma hewa ndani ya injini, gari inaruka. Manifoldi ikipasuka, moshi unavuja njiani, na unabaki na gari ya spoti inayopitwa na baiskeli ya muuza mikate. Muuza mikate mwenyewe alinipungia mkono. Hilo ndilo lililoniuma.

Basi gari ikavutwa kwa kamba mpaka gereji kwa Ubwa, Jang'ombe. Ubwa ni fundi hodari, lakini mdomo wake hauna breki, na hapo kwake pana benchi lisilokosa watu wasio na gari wala haja ya gari.

"Yakhe, weka hii," Ubwa akaniambia. Alishika kitu kifupi, cheusi, cha chuma kizito. "Hii haipasuki. Joto inalistahamili. Tabo inakaa pale pale chini ilipokuwa. Nakufungia, unakwenda zako."

"Mbaya," nikasema.

"Kwani unaiposa?"

Benchi likacheka. Mimi nikafungua boksi langu.

Ndani ya boksi mlikuwa na manifoldi aliyoniletea Nahodha, mtoto wa ami yangu anayekaa Maskati. Mabomba manne marefu yanayong'ara, yamejisokota kama tambi za Ramadhani, yote yanakutana mahali pamoja juu kabisa ili tabo ikae inaonekana. Nahodha ana gari kama yangu, rangi tu tofauti. Aliifunga kwanza kwake kuijaribu, akanirikodia video, akaifungua akanitumia.

"Mabomba marefu, moshi unakwenda sawasawa kila bomba," nikawaeleza. "Nguvu zaidi."

"Nguvu za kwendea wapi?" akauliza Ubwa. "Hapa na Bububu kuna matuta mangapi?"

"Ni gari yangu. Naamua mimi."

"Wewe?" Ubwa akageukia benchi. "Jamani, huyu haamui kitu. Manifoldi kachagua Nahodha. Nyumbani anaamua Khairat. Yeye anaamua rangi ya kava la simu."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa yake. Mimi nina maradhi hayo tangu udogoni: nikichekwa, damu hupanda na ulimi hushuka mbio kuliko akili. Nikapanda juu ya tairi bovu ili wanione.

"Sikilizeni nyote! Wallahi, nkifunga manifoldi nyengine yoyote kwenye gari yangu hii, isipokuwa hii ya Maskati, mke wangu Khairat ana talaka tatu!"

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja pale benchini akasema, "Astaghfirullah." Ubwa akaweka spana chini taratibu.

"Simai," akasema, "shuka kwenye tairi."

Nikashuka. Sikuona tatizo. Manifoldi ya Maskati ipo, gari ipo, fundi yupo. Mwanamme akiapa jambo ambalo tayari analifanya, kuna hatari gani? Nikampigia Ubwa makofi aanze kazi. "Funga!"

Akafunga. Alibana hapa, akalegeza pale, akasema panabana kidogo, nikasema lazimisha, akalazimisha. Tulipowasha injini, wallahi sauti ile ilinitoa machozi. Hata benchi lilisimama. Nikaingia ndani, nikatoa gari uwanjani mwa gereji, nikakata kushoto. Laini kama siagi. Nikazunguka mti wa mpera. Nikataka kukata kulia nitoke barabarani.

Usukani ukagoma.

Nikauvuta. Ukagoma. Nikazunguka tena mpera kwa kushoto nikidhani utalegea. Nikazunguka mara nyingine. Benchi likawa linanifuata kwa macho, shingo zao zinazunguka pamoja na mimi.

"Simai!" akapiga kelele Ubwa. "Unatufu nini hapo?"

"Haikati kulia!"

Tukafungua boneti. Ubwa akaingiza kichwa, akakaa kimya, na Ubwa kukaa kimya si alama nzuri. Akanionesha. Mabomba marefu yameinua tabo na kuitupa nyuma, upande wa kulia. Na upande wa kulia ndipo inaposhuka fimbo ya usukani. Tabo imeilalia fimbo.

"Sasa kwa Nahodha ilikaa vipi?" nikauliza.

Ubwa akanitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulizoea kwake. "Maskati wanaendesha upande gani, yakhe?"

Maskati usukani uko kushoto. Kila Mzanzibari mwenye jamaa kule anajua, na mimi nina jamaa kule kumi na zaidi. Na kwenye video nilimwona Nahodha amekaa kwenye usukani upande wa kushoto, anacheka! Lakini mimi ni fundi simu. Najua kamera ya mbele hugeuza picha. Nikasema moyoni, "Simu hiyo imegeuza." Ujuzi wangu mwenyewe ndio ulioniponza.

Nikampigia.

"Nahodha! Usukani wako uko wapi?"

"Kwenye gari," akasema.

"Upande gani?"

Akafikiri. "Ah," akasema. Halafu akasema, "Aaaah." Halafu akasema mtandao unakatika, na mtandao wa Maskati haujawahi kukatika.

Nikamrudia Ubwa. "Tuikate, tuunge, tuisogeze."

"Mabomba membamba haya? Nkikata nkiunga, joto la kwanza tu yanapasuka. Na tabo ikikaa hapo inachemsha mafuta ya breki. Unataka kuachana na mke au na roho?"

Hapo ndipo neno "mke" liliponiingia vizuri. Nilikuwa nalitazama lile chuma jeusi, fupi, baya, limekaa juu ya pipa. Ndilo pekee litakalokaa. Na nikilifunga, Khairat si wangu, tena si kwa talaka moja ya kurejeana mtu akishapoa. Tatu. Khairat ambaye asubuhi ile alinitilia chai, akaniambia kola yangu imekaa vibaya, akaitengeneza.

Kulikuwa na njia ya pili: kuiacha gari ioze pale chini ya mpera, basi. Mtu mwenye akili angeichagua hiyo. Mimi nilikwenda kwa Maalim Amour.

Maalim Amour anasomesha darsa msikitini kwetu, na Jumamosi asubuhi humkuti ila dukani kwake Darajani, anauza globu na nyaya. Nilimkuta anajaribu globu moja moja.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Simai. Unataka za mwanga mweupe au wa manjano?"

"Nataka fatwa."

Akazima globu. Nikamweleza yote, kuanzia muuza mikate. Alisikiliza kichwa kainamisha. Nilipofika pale nilipozunguka mpera, mabega yake yalitikisika kidogo, lakini akajizuia. Kwenye kiapo hakucheka.

"Yarudie maneno yako. Kama ulivyosema."

Nikarudia.

"Simai, Mungu kakupa mke, wewe ukamfunga kwa boliti," akasema. "Neno hilo halirudishwi. Ukiifunga nyengine, imepita."

"Nisifunge mimi. Afunge Ubwa."

"Ukimtuma ndio umefunga wewe. Nyumba yako pale nani kaijenga? Watu husema babu yako, wala babu yako hakubeba jiwe."

Nikakaa juu ya boksi la nyaya. Nadhani uso wangu ulimtia huruma, maana alinipa maji.

"Umesema 'gari yangu'," akasema. "Sasa nikuulize, na ujibu kwa nia, si kwa ujanja. Gari unaipenda kiasi gani?"

"Sana, Maalim."

"Na mke?"

"Zaidi."

"Basi itoe gari. Mpe yeye. Ikishakuwa yake, afunge anachotaka, kiapo chako hakimo. Lakini iwe yake kweli. Akitaka kuiuza, auze. Akitaka kufugia kuku, afuge. Wewe huna neno."

Iliniuma, sitaki kuwaficha. Niliiona gari yangu ina kuku. Lakini hapo hapo niliiona nyumba yangu haina Khairat, na kuku wakapungua ubaya.

"Nimekubali," nikasema, nikainuka. "Nimempa!"

"Taratibu. Kumpa si kusema. Mpaka akubali, na ufunguo uingie mkononi mwake, gari ingali yako. Umenifahamu?"

"Nshafahamu, Maalim, Mungu akuzidishie!"

Nilikuwa nshafika mlangoni. Mtu akishaponyoka kunyongwa hasikilizi maelezo ya kamba. Nje, katikati ya zogo la soko, kabla hata sijavuka barabara, nikatoa simu.

"Ubwa! Lete lile chuma lako baya. Funga!"

"Na kiapo?"

"Maalim keshatatua. Funga tu!"

"Hilo ndilo neno," akasema Ubwa, nikasikia spana inalia.

Wasomaji wangu, ningekuwa na akili ya kuku mmoja kati ya wale wa Maalim, ningekimbia nyumbani. Mimi nilikwenda kunywa maji ya miwa. Nikaongeza na tangawizi. Njiani nikakuta baraza wanabishana juu ya penalti ya jana yake, na wote walikuwa wamekosea, ikabidi niwarekebishe. Ikaadhiniwa adhuhuri, nikasali. Nilisali kwa raha kweli siku hiyo. Ndipo nikapanda ngazi za nyumbani, naimba.

Khairat alikuwa jikoni juu ya mbuzi, anakuna nazi. Yeye ni mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Makunduchi, alijifundisha kuendesha kwa pikapu ya marehemu baba yake, na ana tabia ya kukutazama kama swali ambalo jibu lake analo.

"Khairat, nimekupa gari."

"Gari gani?"

"Yangu. Hiba. Yako moja kwa moja."

Akaacha kukuna. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umefanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Umeoa?"

"La!"

"Unataka kuoa?"

"Khairat! Mtu hawezi kumpa mkewe zawadi?"

"Sikukuu ulinipa chaja ya simu, Simai."

"Sema tu umekubali."

Akanitazama kwa muda. Kisha akafuta mkono wake kwenye kanga. "Haya. Nimekubali."

Nikamtia ufunguo mkononi, nikavikunja vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. Nikashusha pumzi. Nikamwambia gari iko kwa Ubwa, inamaliziwa kufungwa manifoldi, aende akaichukue mwenyewe. Akavaa buibui akatoka. Nazi nikamalizia mimi. Nilikuna kwa moyo mmoja, nikawa najiambia: Simai, umeponea chupuchupu, na kuanzia leo ulimi wako una kufuli.

Alirudi baada ya alasiri. Nilizisikia hatua zake kwenye ngazi, mbili mbili, kama msichana. Akaingia chumbani, buibui akalitundika, mtandio akautupa kitandani, nywele zikamwagika mabegani, uso unang'ara kwa jasho.

"Simai! Ile gari inapaa!"

"Nshakwambia."

"Nimekwenda nayo mpaka Chukwani. Kwenye tuta napunguza, nikishavuka nakanyaga. Mtu ananiona, nshapita! Na inakata kulia vizuri kabisa."

Alilisema lile la kulia huku ananitazama, na tabasamu likawa jengine. Nikajua Ubwa kasema.

"Ubwa kanihadithia," akasema. "Na benchi zima likamsaidia."

Nikaangalia sakafu.

"Talaka tatu, Simai. Kwa bomba la moshi."

"Nlikasirika."

"Mie nkikasirika navunja sahani. Tena sahani yangu, si mtu wangu." Sauti ikamtetemeka. "Unajua ilivyoniuma? Watu wa benchi wamelijua jina langu, mie mwenyewe sijui kama nimewekwa rehani. Nliisimamisha gari pale Maisara nkalia. Nlilia kweli."

"Nisamehe."

"Ngoja nimalize. Nlilia, halafu nkakumbuka ulivyonikunja vidole kwenye ule ufunguo. Mtu anayeipenda gari kama wewe, unaoga kwa haraka ili uende ukaioshe yeye, akaitoa ili mimi nsitoke." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akacheka. "Nkasema, jinga langu hili. Lakini langu. Nshakusamehe, Simai."

Sijui niseme nini juu ya raha ile. Nilitaka kulia nikaona aibu, nikalia hivyo hivyo. Akaja akakaa karibu yangu kitandani, nywele zake zinanukia moshi wa gari na mafuta ya nazi.

"Lakini yule Ubwa mwepesi, mashaallah," akasema. "Nlidhani ntangoja mpaka jioni. Nlipofika nkakuta keshaifunga, keshaosha mikono, anakula."

Machozi yakanikauka.

"Keshaifunga?"

"Kitambo, yaonesha. Boneti ilikuwa ishapoa. Ati wewe ulimpigia afunge." Akanitazama. "Mbona umebadilika rangi?"

Nilikuwa nayasikia maneno ya Maalim yote sasa, hata yale niliyoyaacha dukani pamoja na globu. Mpaka ufunguo uingie mkononi mwake, gari ingali yako.

Mwalimu wa hesabu hahitaji kuambiwa mara mbili. Nilimwona anahesabu. Nilimwona anafika.

"Simai. Ulimpigia Ubwa lini? Kabla hujanipa ufunguo, au baada?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Mimi tu ndiye ninayejua, na yeye alikuwa anaomba kwa macho niseme "baada". Neno moja, na jioni ile tungekula mchuzi wa nazi niliyoikuna mwenyewe. Lakini uongo ule ningelala nao kitanda kimoja kila usiku, katikati yangu na yake, mpaka kufa.

"Kabla," nikasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angevunja sahani.

"Mpigie," akasema. "Muulize nati ya mwisho kaikaza wakati gani. Kabla ya adhuhuri, gari ingali yako, au baada, nshaushika ufunguo."

Nikapiga. Nikakosea namba, nikapiga tena. Simu ikaanza kuita. Huko Jang'ombe, kwenye gereji ile ambayo siku zote simu hupokelewa kabla ya mlio wa pili, ikaita na kuita.

Khairat akainuka pembeni yangu. Akauokota mtandio pale alipoutupa, akajitanda, akazikusanya nywele zote ndani mpaka kipajini, kama anavyojitanda pale mwanamme wa kando anapobisha hodi. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunifunikia nywele. Akasogea mpaka dirishani, mbali na kitanda, na akasema nami kwa adabu, adabu ile tunayowapa wageni:

"Nakuomba usubirie nje."